Mmea dukani bila kumaliza ndoo ya maji: mwongozo kwa wenye biashara wa Goweko

Mwenye duka ananunua mmea mjini Tabora na kurudi nao Goweko. Anauweka juu ya kaunta, karibu na mizani, na wateja wanausifia. Wiki ya kwanza anaumwagilia kila asubuhi. Wiki ya tatu majani ya chini yanageuka manjano. Anadhani ni kiu, anaongeza maji. Wiki ya sita shina limelainika, udongo unanuka, na mmea unatupwa nyuma ya duka. "Huku kwetu ni pakavu mno," anasema, "maua hayawezi."

Lakini ukavu haukuwa na kosa. Mmea ule uliuawa na vitu viwili: maji mengi na mwanga kidogo. Na maji yale yaliyouua, kuna mtu aliyeyabeba kichwani.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo kwetu tunaoishi kando ya Reli ya Kati. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua hukoma, vumbi hupanda, na maji huwa kitu cha kuhesabiwa. Mwenye saluni, mama lishe, mwenye gesti au wakala wa fedha anaweza kupenda mahali pake pawe na kijani, lakini haifai kijani hicho kipatikane kwa kumwongezea binti dumu jingine la maji. Habari njema ni kwamba hakihitaji maji hayo. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuchagua mmea, mahali pa kuuweka, kiasi cha maji unachotaka, na mambo ya kuangalia ili usilete mbu wala madhara kwa watoto.

Kivuli cha biashara si jambo geni

Njia hii ya kwetu ni ya zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwenye pori lililoitwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, na wapagazi waliliogopa hasa kwa uhaba wa maji. Waliovuka salama walifika Tura, kijiji cha mpakani mwa Unyamwezi, wakaendelea hadi Tabora. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilifuata uelekeo huohuo, na ndiyo iliyoipa Goweko stesheni yake.

Katika njia ile, mti ulikuwa sehemu ya biashara. Miembe mikubwa ya Tabora na Ujiji, ambayo wazee huihusisha na misafara, si miti ya asili ya Afrika. Asili yake ni Asia. Ilipandwa, ikatunzwa, na chini yake watu walipumzika, wakauziana, wakapatana bei. Hata leo muuzaji wa ndizi au wa mihogo hutafuta kivuli kwanza kabla ya kutandika bidhaa zake, kwa sababu anajua mteja hukaa panapokalika.

Mmea wa ndani hautoi kivuli, lakini humwambia mteja neno lilelile: hapa pana mtu anayetunza. Na kinyume chake ni kweli pia. Mmea uliokauka mlangoni kwa mama lishe humfanya mteja ajiulize na sufuria zinatunzwaje. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: mmea mmoja wenye afya ni bora kuliko mitano inayougua. Kama huwezi kuutunza, usiuweke.

Anza na mwanga, kisha maji

Mmea hautengenezi chakula chake kutokana na maji peke yake. Unahitaji mwanga. Duka lenye mwanga mdogo ni kama shamba lenye njaa: hata ukimwagilia, mmea hauna nguvu ya kuyatumia maji hayo. Yanabaki kwenye udongo, mizizi inakosa hewa, inaoza.

Maduka yetu mengi yana mlango mmoja, dirisha dogo na rafu ndefu. Mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyoingia ndani. Hatua 1 au 2 kutoka mlangoni mmea huona vizuri. Hatua 5 ndani, nyuma ya magunia, ni giza kwa mmea, hata kama wewe unaona kila kitu.

Pima hivi. Saa sita mchana, zima taa na unyooshe mkono juu ya mahali unapotaka kuweka chungu. Ukiona kivuli cha vidole vyako kimekaa wazi, mwanga unatosha mimea mingi. Ukiona kivuli hafifu kisicho na umbo, weka mimea migumu tu, ile tutakayoitaja hapa chini. Usipoona kivuli chochote, mahali hapo si pa mmea. Weka bidhaa.

Kuna njia ya kusaidia duka lenye giza, nayo ni zamu. Kuwa na vyungu viwili vya aina moja. Kimoja kinakaa ndani wiki moja, kingine kinapumzika nje chini ya mwembe au upenuni. Jumapili unavibadilisha. Lakini angalia sana: mmea uliozoea ndani usiuweke ghafla kwenye jua kali la Septemba. Utaungua siku moja, majani yatatoka madoa meupe au ya kahawia, na madoa hayo hayaponi. Kivuli cha nje kinatosha.

Kumbuka pia bati. Rafu ya juu kabisa, karibu na bati, huwa kama tanuri mchana wa kiangazi. Mmea ukae usawa wa kaunta au chini yake.

Hesabu ya ndoo

Tuseme una vyungu 3, na kila kimoja kinapewa nusu lita ya maji kila unapomwagilia. Hiyo ni lita 1 na nusu kwa mara moja.

Ukichagua mimea yenye majani laini na membamba inayotaka maji kila baada ya siku 2 wakati wa kiangazi, ndoo ya lita 20 itakwisha kabla ya mwezi kumalizika. Ukichagua mimea inayohifadhi maji mwilini, ambayo inatosheka na maji mara moja kwa wiki 2, ndoo hiyohiyo itakutosha kwa takriban miezi 6, yaani kiangazi chote.

Mimea mitatu, chumba kilekile, chombo kilekile. Tofauti yote imetokana na siku uliyochagua mmea.

Sasa utajuaje kuwa mmea unataka maji? Usifuate kalenda peke yake, uliza udongo. Chomeka kijiti kikavu hadi karibu na chini ya chungu, kiache dakika chache, kisha kivute. Kikitoka na udongo ulioshika na unyevu, subiri. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia. Ukizoea, utajua hata kwa kunyanyua chungu: kikiwa chepesi, kimekauka.

Unapomwagilia, mwagilia kweli. Mimina taratibu mpaka maji yaanze kutoka chini, kisha uache kabisa mpaka udongo ukauke tena. Kunyunyiza kikombe kidogo kila siku ndiyo desturi mbaya kuliko zote, kwa sababu hulowanisha juu tu au huacha chini pakiwa na tope daima.

Si lazima yawe maji ya kunywa. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Maji uliyochemshia mayai au viazi bila chumvi yanafaa yakipoa. Yasiyofaa ni maji yenye chumvi, mafuta, sabuni nyingi au dawa za nywele. Wenye saluni, maji ya kuoshea dawa ya kulainisha nywele msiyamwage kwenye chungu. Na kama maji ya kisima chako yana chumvichumvi, utaona ukoko mweupe juu ya udongo. Kinga maji ya mvua msimu ukifika, uutoe ule ukoko kwa mkono, kisha uujaze udongo mpya.

Mimea inayotufaa ilitoka kwetu

Watu wengi hudhani mimea ya ofisini ni ya Ulaya kwa sababu huiona kwenye picha za ofisi za huko. Ukweli ni kwamba baadhi ya mimea inayopamba benki na hoteli za dunia asili yake ni Afrika, mingine hapahapa Tanzania.

*Zamiokulkasi.* Huu una vikonyo vinene vilivyosimama na vijani vinavyong'aa kama vilivyopakwa mafuta. Huota porini Afrika Mashariki, kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Zanzibar, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini. Wataalamu wa Ulaya waliuandika mwaka 1829, lakini haukuwa maarufu kibiashara hadi miaka ya 1990, bustani za Uholanzi zilipoanza kuuzalisha kwa wingi. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Kiangazi chetu unakijua tangu asili yake. Unavumilia mwanga hafifu, na maji mara moja kwa wiki 2 au 3 yanautosha.

*Sansevieria.* Majani yake ni marefu, magumu, yamesimama kama mapanga, mengine yana ukingo wa njano. Wengi huulinganisha na mkonge. Aina inayouzwa zaidi asili yake ni Afrika Magharibi na Kongo, lakini Tanzania ina aina zake kadhaa za porini. Siri yake ni hii: mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana na kupoteza maji kwenye joto, lakini sansevieria hufungua usiku, wakati wa baridi. Ndiyo maana inaishi pale ambapo mingine inakufa. Maji mara moja kwa wiki 2 au 3.

*Masale.* Huu ni ndugu wa sansevieria. Wachaga huupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake hupelekwa kwa mtu unayemwomba msamaha. Mmea huohuo, kwa jina la drasena, unauzwa Ulaya na Marekani kuwa mmea wa ofisi. Unavumilia kivuli, ila unataka maji zaidi kidogo kuliko hiyo miwili ya kwanza, na haupendi upepo mkavu wa moja kwa moja.

*Alovera, au mshubiri.* Unafaa sana, lakini unataka mwanga mwingi. Uweke dirishani au barazani. Gizani hurefuka, hulegea na kuanguka.

*Klorofitamu.* Ni mmea wa majani membamba kama nyasi, mara nyingi yenye mstari mweupe, unaoning'iniza vitoto vyake kwenye nyuzi ndefu. Nao ni wa Afrika. Mizizi yake minene huhifadhi maji, na unapendeza ukitundikwa. Maji mara moja kwa wiki wakati wa kiangazi.

Ipo mingine ya kwetu isiyotufaa Goweko. Ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia lilitoka milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, alimpelekea baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la familia hiyo. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Lakini limezoea ubaridi na unyevu wa msitu wa mlimani. Ukilileta chini ya bati letu mwezi Oktoba, utahuzunika.

Usiende kung'oa mimea kwenye msitu wa hifadhi. Ni kosa kisheria kuvuna mazao ya msitu huo bila kibali, na mmea mkubwa ulioondolewa porini mara nyingi hufa. Omba kipande kwa jirani, shuleni, kanisani au msikitini, mahali ambapo mmea umeshazoea.

Chombo na udongo

Huhitaji chungu cha bei. Ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, dumu lililokatwa au kopo kubwa vinatosha, ila lazima viwe na matundu chini. Pasha msumari moto na utoboe matundu 5 au 6. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mmea, hata kiwe kizuri namna gani.

Ukitaka kipendeze, ingiza ndoo hiyo ndani ya kikapu cha ukindu au cha miyaa. Mteja ataona kikapu, mmea utaishi kwenye ndoo. Chungu cha udongo cha wafinyanzi wetu nacho ni kizuri, lakini hupumua na kukausha maji haraka. Kinamfaa mtu mwenye tabia ya kumwagilia sana. Anayetaka kubana maji atumie plastiki.

Usichukue udongo mtupu wa mfinyanzi, kwa sababu ukikauka unakuwa tofali. Changanya makopo 2 ya udongo wa juu wa shambani, makopo 2 ya mchanga wa mtoni, na kopo 1 la samadi iliyooza kabisa hadi haina harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta nzi, na hilo kwa mama lishe ni hasara. Mbolea nyingine ongeza msimu wa mvua tu, mmea unapokua. Kiangazi uache upumzike.

Chombo kisiwe kikubwa mno. Mmea mdogo kwenye ndoo kubwa huzungukwa na udongo uliolowa ambao mizizi haiufikii, na kuoza huanzia hapo.

Kila biashara na mahali pake

*Mgahawa na mama lishe:* weka mimea barazani, au karibu na mahali pa kunawia mikono. Usiweke juu ya meza ya kukatia nyama au mboga, wala karibu na jiko la mkaa. Udongo na chakula havikai pamoja.

*Gesti:* mahali bora ni mapokezi, karibu na mlango. Chungu kimoja kikubwa cha sansevieria kila upande wa mlango kinatosha. Usizibe njia, kwani mgeni wa treni ya usiku huingia na mizigo gizani.

*Saluni na kinyozi:* weka mbali na kikausha nywele na dawa za kupuliza. Upande wa kioo hufaa, kwa sababu kioo hurudisha mwanga na chungu kimoja huonekana viwili.

*Duka la vyakula na wakala wa fedha:* mwisho wa kaunta upande wa mlango. Usiweke juu ya soketi, simu au mashine. Tone moja la maji litakugharimu kuliko mmea.

*Duka la dawa na ghala la nafaka:* mmea ukae nje ya mlango. Ndani panatakiwa kuwa pakavu.

Katika kupanga, mrefu akae nyuma, mfupi mbele. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki, la sivyo mmea utaegemea mlangoni kama mtu anayengoja treni.

Vumbi, wadudu na mbu

Vumbi letu jekundu hufunika majani na kuzuia ule mwanga kidogo uliopo. Futa majani kwa kitambaa chenye unyevu mara moja kwa wiki 2. Kitambaa hicho kinatumia maji yasiyozidi kikombe. Usipake mafuta ya kula ili yang'ae. Mafuta hukamata vumbi zaidi.

Unapofuta, angalia chini ya majani. Ukiona pamba nyeupe ndogondogo, ni vidung'ata. Utando mwembamba kama wa buibui ni dalili ya utitiri, ambao hupenda kiangazi. Tenga mmea huo, kwangua kipande kidogo cha sabuni ya mche kwenye lita 1 ya maji, futa majani yote kwa maji hayo, kisha suuza. Rudia kila baada ya siku 5 au 7, mara 3. Usipulize dawa ya shambani ndani ya duka. Unaipulizia bidhaa, mteja na pumzi yako mwenyewe.

Kwa wakulima wa tumbaku, ambao ni wengi mkoani kwetu, kuna jambo moja la ziada. Virusi vya batobato ya tumbaku husafiri kwa mikono. Ukitoka kushika tumbaku, nawa kwa sabuni kabla ya kushika miche ya nyanya, pilipili au maua.

Mbu ni hatari kubwa zaidi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga kwenye maji kidogo yaliyotuama karibu na watu, yakiwemo ya kisahani cha chungu cha maua. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja hivi penye joto. Kwa hiyo kisahani kisikae na maji. Mwaga nusu saa baada ya kumwagilia, na mara moja kwa wiki kisugue, maana mayai hunata pembeni. Au kijaze mchanga, maji yasionekane juu.

Watoto na utomvu

Zamiokulkasi, pamoja na mmea wa majani makubwa yenye madoa uitwao difenbakia, una chembe ndogo mfano wa sindano ndani ya majani. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi humwasha na kuvimba. Difenbakia ni mkali zaidi, usiuweke mahali penye watoto. Alovera na sansevieria huweza kuchafua tumbo. Na mnyaa, ambao wengi tumeuzoea kuwa uzio, usiuingize ndani kamwe: utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya.

Mtoto akitafuna jani, mtoe mabaki mdomoni, msukutulishe kwa maji safi, usimtapishe. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kukoma kwa robo saa au zaidi. Akivimba, akishindwa kumeza au jicho likiendelea kuuma, mpeleke kituo cha afya haraka ukiwa na kipande cha jani hilo. Penye watoto wengi, klorofitamu ndio mmea salama, au tundika vyungu juu wasikofika.

Yanayosemwa, na ukweli wake

*"Mmea husafisha hewa."* Maneno haya yalipata nguvu mwaka 1989, pale watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walipojaribu mimea ndani ya visanduku vilivyofungwa. Lakini duka si kisanduku. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia majaribio mengi ya aina hiyo wakaona kwamba ili mimea ifanye kazi ya dirisha lililo wazi, ungehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Moshi wa mkaa hauondolewi na chungu cha maua. Fungua dirisha.

*"Mmea usiku hukumalizia hewa."* Nalo si kweli. Hewa anayoitumia mtu mmoja aliyelala ni nyingi kuliko ya vyungu vyote vya gesti.

*"Majani ya manjano ni kiu."* Mara nyingi ni kinyume. Soma dalili hizi:

- Majani ya manjano na laini, udongo una unyevu: maji mengi. Acha kumwagilia.
- Majani manene yamekunjamana, udongo mkavu: kiu. Mwagilia.
- Shina refu, jembamba, limeinama: giza. Sogeza mlangoni.
- Ncha za kahawia zilizokauka: hewa kavu, au chumvi kwenye maji.
- Madoa meupe au ya kahawia upande mmoja: jua kali. Ondoa juani.

Kutoka chungu kimoja hadi kumi

Usinunue mmea wa pili, uzalishe. Kata jani la sansevieria vipande vya urefu wa kidole. Viache kivulini siku 2 au 3 kidonda kikauke, kisha vipande kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Upande uliokuwa chini ubaki chini, ukigeuza hakioti. Mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Aina yenye ukingo wa njano igawe kwa mizizi, kwani kipande cha jani lake huzaa mmea wa kijani mtupu. Klorofitamu ni rahisi zaidi: kata kitoto, kipande. Masale hukubali kipande cha shina cha urefu wa kiganja. Zamiokulkasi huota kwa jani, ila uwe na subira ya miezi mingi.

Kazi hii ianze mvua za kwanza zinapotulia, Novemba au Desemba. Kufikia Mei una miche imara, na mwenzako mwenye saluni atakuomba mmoja. Wa kwanza mpe. Wa pili muuzie.

Ratiba ya kubandika ukutani

- Kila Jumapili: jaribu udongo kwa kijiti, geuza chungu, mwaga na sugua kisahani, badilisha zamu.
- Kila wiki 2: futa vumbi, angalia chini ya majani.
- Kila mwanzo wa mvua: ongeza samadi iliyooza, zalisha miche.
- Kila miaka 2: badilisha udongo.

Wapagazi wa Mgunda Mkali walijua kupima maji yao mpaka kisima kingine. Mmea unaofaa duka la Goweko ni ule unaojua kufanya vivyo hivyo. Uchague huo, uweke karibu na mlango, na uache kikombe chako cha asubuhi kiende kwa mwenye kiu kweli.